Burt Munro, fundi aliyesubu pistoni kwenye makopo hadi akavunja rekodi ya dunia

Fundi anapofungua injini ya pikipiki iliyozimika njiani, kitu cha kwanza anachokitafuta kwa macho ni pistoni. Mjini Lubumbashi, ambako teksi-moto hubeba watu na mizigo kutwa nzima kati ya Kenya, Katuba na Ruashi, picha hiyo imezoeleka: pistoni imetoboka kichwani, ringi zimekatika, silinda imechunika. Mteja hutumwa dukani, pistoni mpya inanunuliwa, na pikipiki inarudi barabarani.

Kuna mtu aliyetumia zaidi ya nusu ya maisha yake kwenye hatua hiyo moja ya kazi, tena bila duka la kumtuma mtu. Herbert James Munro, aliyejulikana kama Burt, raia wa New Zealand, alinunua pikipiki mwaka 1920 na hakuachana nayo hadi uzeeni. Ilipotoka kiwandani mwendo wake wa mwisho ulikuwa takriban kilomita 89 kwa saa. Mwaka 1967, mwenyewe akiwa na miaka 68, pikipiki hiyohiyo ilipimwa ikikimbia kilomita 305.89 kwa saa kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah, Marekani.

Pistoni zilizomfikisha huko alizitengeneza kwa mikono yake, na alizisubu ndani ya makopo ya kawaida.

Munro alizaliwa Machi 25, 1899, Invercargill, mji ulio karibu na ncha ya kusini ya New Zealand. Alizaliwa pacha, lakini dada yake hakuishi. Baba yake alikuwa mkulima huko Edendale, na mtoto alikua akipenda mwendo kuliko jembe: alikuwa akimchukua farasi mwenye kasi kuliko wote wa nyumbani na kumkimbiza shambani huku mzee akilalamika. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza alitamani kwenda, si kwa sababu ya vita bali apate kuiona dunia. Akabaki shambani. Baadaye alifanya kazi kwenye ujenzi wa mahandaki ya reli ya Otira, kisha akaitwa tena nyumbani kulima.

Ndipo ikaja pikipiki. Ilikuwa Indian Scout, iliyoundwa kwenye kiwanda cha Indian mjini Springfield, Massachusetts. Jina hilo limewachanganya wengi waliokuja kuona filamu juu ya maisha yake; Indian ni chapa ya pikipiki, na Munro hakuwa Mhindi. Injini yake ilikuwa ya silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la herufi V, yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 600, na namba iliyogongwa juu yake ilikuwa 50R627. Ni miongoni mwa Scout za mwanzo kabisa kutoka kiwandani.

Kwa miaka michache aliiendesha kama ilivyo. Mwaka 1926 akaanza kuibadilisha, na hapo ndipo hadithi inapoanza kweli.

Kwa nini pistoni

Anayetaka injini ndogo ya zamani itoe nguvu zaidi ana njia kuu tatu. Aweze kuingiza hewa na petroli nyingi zaidi, aibane zaidi kabla ya kuiwasha, au aizungushe injini haraka zaidi. Njia hizo zote, mwishowe, hudai kitu kutoka kwa pistoni, na ile ya tatu ndiyo inayodai zaidi.

Pistoni haizunguki. Inapanda, inasimama, inashuka, inasimama tena, na hufanya hivyo mara moja kwa kila mzunguko wa kranki. Katika injini yenye mwendo wa pistoni wa milimita 78, kama ile ya Scout, injini ikifika mizunguko 5,000 kwa dakika, pistoni huvutwa kila inapogeuka kwa nguvu inayozidi mara elfu moja ya uzito wake yenyewe. Maana yake ni kwamba pistoni ya gramu 300 huivuta konodi, yaani ule mkono unaoiunganisha na kranki, kana kwamba mtu amening'iniza mzigo wa zaidi ya kilo 300. Mzigo huo huja na kuondoka mara 83 kwa kila sekunde. Ukiongeza mizunguko mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne.

Kwa hesabu hiyo, gramu 20 zilizokwanguliwa ndani ya pistoni ni kilo 20 zilizotolewa juu ya konodi, beringi na kranki. Hakuna sehemu nyingine ya injini ambapo tupa na uvumilivu hulipa namna hiyo.

Ndiyo maana chuma cha kusubu kilipoanza kuachwa na alumini ikachukua nafasi yake kwenye pistoni, mbio za pikipiki zilibadilika. Alumini haifiki hata nusu ya uzito wa chuma. Lakini ina visirani vyake. Hutanuka kuliko chuma inapopata joto, hivyo pistoni iliyokaa vizuri kwenye silinda asubuhi inaweza kung'ang'ania mchana, injini ikiwa moto. Fundi akiacha nafasi ndogo, inakwama. Akiacha kubwa, inagongagonga na kupitisha moto pembeni.

Halafu kuna suala la mahali pa kupunguza. Pistoni haipunguzwi popote mtu anapopenda. Kichwa chake hukutana na moto unaozidi nyuzi 2,000, wakati alumini huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi. Kinachoiokoa ni kwamba joto hukimbia kutoka kichwani kwenda kwenye ringi, na kutoka ringi kwenda kwenye ukuta wa silinda. Ukikifanya kichwa chembamba mno, joto linakosa njia ya kupita. Doa jekundu linatokea katikati, kisha tundu. Ukikwangua vibaya pale ringi zinapokaa, kingo zinakatika. Ukila sehemu zinazoshika pini, pistoni inachanika na kichwa chake kinabaki juu peke yake, huku konodi ikiendelea kuzunguka na kubomoa kila kitu chini.

Sehemu salama zaidi ni sketi, ule ukuta wa chini. Hapo mafundi wa mbio hutoboa matundu kwa keekee, hufupisha pande zisizobeba mzigo, na hukwangua ndani kwa tupa ya duara hadi ukuta ubaki na unene unaotosha. Pini nayo hutobolewa katikati. Kisha pistoni hizo mbili huwekwa kwenye mizani, kwa sababu zikitofautiana uzito injini itatetemeka. Na hata zikilingana kazi haijaisha: flaiwili ziliwekewa uzito wa kulingana na pistoni za kiwandani, na anayepunguza huku lazima atoboe na huko. Wengi husahau hatua hii ya mwisho, kisha hushangaa injini yao nyepesi inatikisika kuliko ile nzito.

Makopo na njiti ya baiskeli

Munro hakujifunza hayo chuoni. Alikuwa muuza pikipiki, na kwa miaka mingi ratiba yake ilikuwa hiyo: usiku kucha anafanya kazi kwenye injini yake, asubuhi anakwenda kazini. Pesa za kuagiza vipuri kutoka Marekani hazikuwepo, na hata zingekuwepo, vipuri alivyovitaka havikuwahi kutengenezwa na kiwanda chochote. Alitaka Scout yenye vali za juu, wakati Scout ilizaliwa na vali za pembeni. Alitaka silinda kubwa kuliko zile zilizokuwepo. Alitengeneza silinda zake, flaiwili zake na mfumo wake wa kufungua vali. Konodi alizichonga kutoka kwenye ekseli ya trekta la Caterpillar, kwa mkono. Badala ya mikromita, alipimia kwa njiti ya gurudumu.

Pistoni alizisubu mwenyewe, makopo ya bati yakitumika kama kalibu.

Watu wa Lubumbashi hawahitaji kuelezwa sana kuhusu kuyeyusha metali. Mji ulikua kandokando ya tanuri la Union Minière lililoanza kutoa shaba mwaka 1911, Munro akiwa mtoto wa miaka 12, na mlima wa taka za tanuri pamoja na bomba lake la moshi hadi leo ndiyo picha ya mji. Mbali na viwanda vikubwa, wapo mafundi wa mtaani wanaoyeyusha alumini chakavu kwa moto wa makaa na kuimimina kwenye mchanga ili kupata sufuria.

Kazi ya Munro ilikuwa ya namna hiyo, na hapo ndipo ugumu wake unapoonekana. Kalibu ikiwa na unyevu kidogo, maji hugeuka mvuke na kuacha mapovu ndani ya alumini. Sufuria lenye kitundu linaweza kuzibwa na mpishi asijue. Pistoni yenye kitundu kilichojificha huzunguka vizuri karibu na nyumbani, kisha huvunjika siku ya mbio. Aina ya chakavu nayo ina neno. Alumini ya nyaya za umeme ni laini na hutanuka sana. Ya pistoni huchanganywa na silikoni ili ivumilie joto na msuguano. Anayetupa kila kitu kwenye chungu kimoja hupata metali asiyoijua tabia yake.

Munro aliijua tabia yake kwa njia moja tu, nayo ni kuivunja. Alisubu, akakwangua, akafunga injini, akaenda nayo kwenye ufukwe wa Oreti karibu na Invercargill ambako mchanga ni mgumu na mrefu, akaifungulia mafuta hadi kitu kikapasuka. Kisha akarudi na vipande, akavitazama vimekatikia wapi, akaanza upya. Vipande hakuvitupa. Alivipanga kwenye rafu ya karakana yake, pistoni zilizotoboka, konodi zilizopinda, silinda zilizopasuka, na juu yake akaandika kwamba hizo ni sadaka zake kwa mungu wa mwendo. Ulikuwa utani wa mtu aliyezoea hasara, ingawa rafu yenyewe ilikuwa daftari lake la mafunzo: ukuta mzima wa makosa yaliyopangwa.

Matokeo yalikuja polepole. Mwaka 1938 aliweka rekodi yake ya kwanza ya mwendo ya New Zealand, na baada ya hapo akaweka nyingine saba. Mwaka 1957 alikimbia zaidi ya kilomita 211 kwa saa kwenye ufukwe wa Oreti, kwa pikipiki ambayo kiwanda chake kilikuwa kimeshaacha kutengeneza Scout miaka kadhaa nyuma.

Gharama ya nyumbani

Hadithi nyingi za Munro hupita sehemu hii kwa haraka. Mwaka 1927 alimwoa Florence Beryl Martyn, nao wakapata watoto wanne. Mwanamume anayefanya kazi kwenye injini usiku na kuuza pikipiki mchana ana saa chache za kumpa mke na watoto. Ndoa ilivunjika mwaka 1947.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1940 aliacha kazi ya kuajiriwa na kuhamia kwenye karakana, akilala chumba kimoja na pikipiki zake mbili, Scout na Velocette ya mwaka 1936. Maisha yake yote yalikuwa humo. Filamu iliyotoka mwaka 2005, ikimwonyesha Anthony Hopkins kama Munro, inafanya karakana ile ionekane ya kuchekesha na yenye uchangamfu. Pengine ilikuwa hivyo. Lakini ilikuwa pia nyumba ya mtu aliyebaki peke yake, na mwisho wa miaka ya 1950 moyo wake ulianza kumsumbua kwa maumivu ya kifua.

Daktari yeyote angemshauri kupumzika. Yeye akaanza safari za Marekani.

Kwenye chumvi

Bonneville ni uwanda mweupe, tambarare, ambako magari na pikipiki hukimbia kwa mstari ulionyooka kwa kilomita kadhaa. Munro alifika huko mara kumi katika maisha yake. Filamu imezikunja safari hizo zikawa moja, jambo ambalo linaifanya hadithi iwe tamu na kazi yake ionekane rahisi kuliko ilivyokuwa. Ukweli ni kwamba kila mwaka alirudi na injini tofauti kidogo, na si kila mwaka ilimaliza mbio ikiwa nzima.

Agosti 1962, wakati Lubumbashi bado ikiitwa Elisabethville na ikiwa makao makuu ya Katanga iliyojitenga, Munro aliweka rekodi ya dunia ya kundi la injini zisizozidi sentimita za ujazo 883: kilomita 288 kwa saa. Injini yake ilikuwa imetanuliwa hadi 850. Alikuwa na miaka 63.

Kwa mwendo huo pistoni si suala la ufundi tu. Ikikwama kwenye silinda, injini hujifunga mara moja, na gurudumu la nyuma nalo husimama wakati pikipiki bado inakimbia karibu kilomita 300 kwa saa. Anayeendesha amelala kifudifudi ndani ya ganda jembamba, kifua kikiwa juu ya injini. Munro alikuwa amekaa juu ya metali aliyoimimina mwenyewe, na ni yeye peke yake aliyejua kama siku ile ya kusubu kopo lilikuwa kavu.

Mwaka 1966 aliweka rekodi nyingine. Mwaka 1967, injini ikiwa imefika 950, alirudi tena. Katika safari mojawapo ya mwaka huo pikipiki ilianza kuyumba katikati ya njia. Aliinuka ili upepo uipunguze kasi, upepo ukamvua miwani na kumpofusha kwa muda; akapita karibu sana na nguzo ya chuma, kisha akailaza pikipiki chini kwenye chumvi. Aliinuka na michubuko.

Rekodi iliyothibitishwa mwaka huo kwenye kundi la injini zisizozidi sentimita za ujazo 1,000 ilikuwa kilomita 295.45 kwa saa, ambayo ni wastani wa mbio mbili za kwenda na kurudi. Ile ya 305.89 ilikuwa ya upande mmoja, alipokuwa akitafuta sifa ya kuingia kwenye jaribio, kwa hiyo haikuhesabiwa kuwa rekodi. Hata hivyo ilibaki mwendo mkubwa kuliko wote uliowahi kupimwa rasmi kwa pikipiki ya Indian.

Mwaka 1971 mwongozaji chipukizi Roger Donaldson alimfuata na kumtengenezea filamu fupi ya kweli, ambayo ilichukua jina lake kutoka kwenye yale maandishi ya rafu ya vipuri vilivyovunjika. Donaldson ndiye aliyekuja kuongoza pia ile filamu ya 2005.

Moyo ulimsimamisha kabla mikono haijachoka. Mwaka 1977 alipata kiharusi, akalazwa, na alipotoka aligundua kwamba mikono haimtii kama zamani. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kukwangua gramu kwa gramu hawezi kufanya kazi kwa mikono ya namna hiyo. Akaziuza pikipiki zake zote mbili kwa mfanyabiashara wa mjini kwake, Norman Hayes wa duka la E. Hayes and Sons, kwa sababu hakutaka ziondoke kwenye eneo lake. Alifariki Januari 6, 1978, akiwa na miaka 78.

Mwaka 2006 aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la Chama cha Waendesha Pikipiki cha Marekani. Mwaka 2014, miaka 36 baada ya kifo chake, mwanawe John alipitia tena karatasi za Bonneville na kuona kwamba wastani wa mbio mbili za 1967 ulikuwa umekokotolewa vibaya. Chama hicho kilikubali kosa na kuirekebisha rekodi hadi kilomita 296.26 kwa saa. Munro aliongezewa karibu kilomita moja akiwa kaburini.

Duka la E. Hayes and Sons bado lipo Invercargill na bado linauza misumari, nyundo na vyombo vya nyumbani. Pikipiki ya Munro imewekwa humohumo katikati ya bidhaa.